Manowari ya Lindo: Istilahi ya Chombo Kidogo cha Kivita

Miongoni mwa maswali yaliyoletwa katika ofisi yetu ya istilahi limo moja la mwalimu wa sekondari wa Omurushaka, pale njia ya kwenda Kyerwa inapochepuka. Mwalimu huyo anawafasiria wanafunzi wake maelezo ya mchezo wa Kimarekani uitwao Traveller, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1977, ambamo wachezaji hujitwalia nafasi za wahusika na kusimulia pamoja safari za baina ya nyota. Humo amekuta chombo kidogo cha kivita ambacho kazi yake ni kulinda jua moja na sayari zake, basi. Anauliza kiitweje. Alijaribu "manowari ndogo", na wanafunzi wakamchorea chombo kiendacho chini ya maji.

Wanafunzi hawana lawama. Manowari ni neno lililotoholewa kutoka Kiingereza zamani, na maana yake ni meli ya vita, iwe kubwa au ndogo. Lakini siku hizi baadhi ya waandishi wa habari hulitumia kwa chombo cha kuzamia, ambacho kina jina lake, nyambizi, lililojengwa juu ya neno mbizi, tena jina zuri. Tukiyachanganya haya mawili tutajikwaa. Msomaji akiambiwa kwamba manowari imezama, aelewe nini? Kwamba adui ameipiga, au kwamba nahodha ameamua kuteremka? Kwa mtumishi wa serikali anayefasiri taarifa ya ulinzi, hiyo ni tofauti ya mazishi na mazoezi.

Kabla ya kutafuta neno, sharti tuijue dhana. Chombo anachokisema mwalimu hakina mtambo wa kurukia kutoka nyota moja hadi nyingine. Nafasi ambayo ingechukuliwa na mtambo huo pamoja na mafuta yake hupewa silaha na deraya. Kwa sababu hiyo, kikilinganishwa na chombo kigeni cha ukubwa ule ule, chenyewe huwa na nguvu zaidi; ila hakitoki kwao. Hujificha katika mawingu ya sayari kubwa za gesi, au hata chini ya bahari, kikimvizia adui. Kikihitajiwa penginepo, hakina budi kubebwa na chombo kingine.

Mtu wa Kagera hahitaji kupaa angani ili aione dhana hii. Katika Vita Kuu ya Kwanza, meli za Ziwa Victoria kama vile Winifred, ambayo vipande vyake viliunganishwa Kisumu, zilifungwa mizinga. Tarehe 22 Juni 1915 majeshi ya Uingereza yaliyovuka ziwa kutoka Kisumu yalishuka karibu na Bukoba, na siku ya pili yake yakakibomoa kituo cha Wajerumani cha simu ya upepo. Meli hizo zilikuwa na nguvu ziwani, lakini hazikuweza kamwe kwenda baharini.

Mfano wa Ziwa Tanganyika unakaribia zaidi. Mashua mbili za Waingereza, Mimi na Toutou (msomaji asidhani la kwanza ni Kiswahili, ni majina ya Kifaransa ya kumwitia paka na mbwa), kila moja yenye urefu wa mita 12 hivi, zilisafirishwa mwaka 1915 kwa reli kutoka Cape Town hadi Fungurume, Katanga. Kutoka hapo zilikokotwa na magari ya mvuke na maksai kupita milima ya Mitumba, kisha zikaendelea kwa reli na kwa mto Lualaba hadi ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani ya Wajerumani. Kingani ikapewa jina la Fifi, na tarehe 9 Februari 1916 yenyewe na Mimi zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Hapa yamo yote: udogo, mizinga, kufungwa ndani ya maji mamoja, na kubebwa na wengine ili kufika.

Sasa neno. "Boti ya doria" halitoshi, kwani doria ni kuzungukazunguka, na chombo hiki aghalabu hutulia na kungoja. "Mashua ya mizinga" lafaa sana kwa Mimi na Toutou, nasi tunashauri walimu wa historia walitumie. Lakini chombo cha mchezoni huenda kisiwe na mzinga hata mmoja. Mwalimu mwenyewe amependekeza "kiboko", kwa hoja kwamba mnyama huyo hulinda bwawa lake wala haendi mbali nalo, na kwamba tayari tuna kifaru cha nchi kavu. Hoja ni nzuri na tumeifurahia. Hata hivyo, darasani neno kiboko lina maana nyingine ambayo wanafunzi huifahamu upesi mno.

Tunapendekeza "manowari ya lindo". Lindo latokana na kulinda, nalo lataja mahali: mkulima hukaa lindoni akiwafukuza ngedere, askari hushika lindo na haruhusiwi kuliacha. Wazo la kutotoka limo ndani ya neno lenyewe, bila kuongeza maelezo. Wapo watakaouliza kama manowari yaweza kuwa angani. Meli nayo ilitokana na neno la Kiingereza la barua za posta, na leo hubeba ng'ombe na saruji.

Katika upatanisho wa kisarufi, iandikwe manowari ya lindo imeondoka, manowari za lindo zimeondoka. Wingi wa "mamanowari", ambao tumeuona katika miswada miwili, usitumike.