Kuhamisha Diski Watu Wakiwa Kazini

Msomaji wetu mmoja, mtunzaji wa seva ya ofisi ambayo amana zake zote zimelala juu ya diski moja, ametuuliza kama yamkini data hiyo kuhamishiwa katika RAID ya diski mbili pasipo kuizima mashine wala kuwakatiza watu kazi zao, naye amekwisha nunua diski ya pili, ya ukubwa uleule, wala hana fedha ya kununua ya tatu. Jawabu ni kwamba yamkini, maadamu seva yake ni ya Linux na diski ile ilipangwa tangu awali kwa LVM.

Habari za RAID yenyewe sitazirefusha, kwani tangu Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipoieleza mwaka 1988 imeandikwa mno; yatosha kusema kwamba RAID 1 huandika kila jambo katika diski mbili sawasawa, ili moja ikifa nyingine isimamie kazi. Kinachonivuta mimi ni LVM, ambayo Heinz Mauelshagen aliiandikia Linux mwaka 1998 kwa kufuata mfano wa HP-UX, na ambayo haijapata sifa inayoistahili. Mfumo huu, usipoambiwa vingine, huikata diski vipande vya mebibaiti 4, hata diski ya terabaiti 1 ikatoa vipande 238,000 na ushei, kisha huweka jedwali la kuonyesha kila kipande cha volyumu kimekaa wapi; programu zisomazo na kuandika hazijui mahali, zajua jina la volyumu tu, na kwa sababu hiyo mahali paweza kubadilishwa chini ya jina, nalo jina lisitikisike.

Kazi ya kubadilisha mahali ni ya amri iitwayo pvmove, na hapa naomba msomaji anistahimilie. Tuseme karani wa duka ameamriwa kunakili daftari kuukuu la madeni katika daftari jipya, ilhali duka liko wazi na wateja waingia mchana kutwa, huyu akilipa, yule akikopa. Lau angeruhusiwa kufunga mlango kazi ingekuwa nyepesi, lakini tajiri hataki kusikia hayo. Basi karani hushika kanuni tatu. Mteja ambaye ukurasa wake umekwisha nakiliwa, hesabu yake mpya huandikwa katika madaftari yote mawili; ambaye ukurasa wake haujafikiwa, huandikiwa katika daftari kuukuu peke yake, maana karani ataikuta hesabu hiyo atakapofika huko; na yule ambaye ukurasa wake ndio ulio chini ya kalamu saa hiyo, huambiwa angoje kidogo mpaka umalizike. Mteja wa nne hayupo. Sehemu nzima ikiisha kulingana, karani hutia alama katika fahirisi ya kwamba toka hapo isomwe katika daftari jipya, ndipo aianze sehemu ya pili. Na akikatizwa kwa lolote harudi mwanzo, bali huanzia penye alama ya mwisho. Hivyo hasa ndivyo ifanyavyo pvmove: alama zake huandikwa ndani ya diski zenyewe, na mashine ikizimika ghafla, ukiiita tena bila ya kutaja diski yoyote, huendelea. Na haya yote yakipita, mtu aliyekaa mbele ya kioo haoni ila asilimia inayopanda, mstari mmoja kila baada ya sekunde 15.

Imebaki shida ya msomaji wetu: ataundaje RAID ya diski mbili ilhali moja imejaa data? Hapa pana hila. Amri ya mdadm hukubali kuunda RAID 1 kwa diski mpya peke yake, na mahali pa mwenziwe ukaandika neno missing, yaani hayupo. RAID hiyo kilema hutiwa katika LVM kwa pvcreate na vgextend, pvmove ikahamisha kila kitu, vgreduce ikaitoa diski kuukuu, nayo ikiisha kupangwa mafungu sawa na mwenziwe huongezwa penye nafasi iliyokuwa tupu. Ukifungua /proc/mdstat utaona [U_], na baada ya saa kadhaa za kunakili, [UU].

Yaliyosalia ni machache. RAID hujitwalia nafasi kidogo kwa kumbukumbu zake, kwa hiyo hesabu vipande kabla ya kuanza. Fungu la kuwashia, ambalo aghalabu haliko ndani ya LVM, huhamishwa kwa njia yake mbali, na GRUB sharti itiwe katika diski zote mbili kabla hujaizima mashine. Nakala ya akiba nayo iwe imewekwa mahali pengine tangu siku ya kwanza, kwani faili ikifutwa kwa makosa, RAID huifuta katika diski zote mbili kwa mara moja.