Uonjaji wa Mvinyo Unaokomaa: Maarifa ya Mtengenezaji na Haja ya Istilahi za Kiswahili

Utangulizi

Mkoa wa Dodoma, katikati ya Tanzania, una sifa ambayo maeneo mengi ya mizabibu duniani hayana: zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Sifa hii ni neema kwa mkulima, lakini humbana mtengenezaji wa mvinyo kwa muda. Kabla mvinyo wa msimu mmoja haujatulia, zabibu za msimu unaofuata huwa zimefika na matangi yanahitajika. Ni lazima iamuliwe ni mvinyo upi utiwe chupani mapema, upi uachwe ukomae, na upi uchanganywe na mwingine. Uamuzi huo huanzia kwenye vipimo vya maabara na hukamilishwa kwa kuonja. Makala haya yanafafanua uonjaji huo, na yanatoa hoja kwamba manufaa yake hutegemea kumbukumbu iliyoandikwa kwa maneno yenye maana moja kwa wote wanaohusika.

Kuonja kama utabiri

Mnywaji huonja ili ajue mvinyo ulivyo; mtengenezaji huonja ili akadirie utakavyokuwa. Mvinyo mwekundu mchanga wenye ukakasi mwingi unaweza kumkera mnywaji, ilhali huenda ndio utakaodumu. Ukakasi huo hutokana na tanini, kemikali zinazopatikana katika maganda na mbegu za zabibu na, mvinyo ukihifadhiwa katika mapipa, katika mbao za mwaloni. Kadiri muda unavyopita, tanini huungana zenyewe kwa zenyewe na pia na viini vya rangi. Ladha hulainika, na rangi ya zambarau husogea kuelekea rangi ya tofali. Kwa hiyo mwonjaji haulizi tu kama ukakasi upo. Huuliza kama ladha ya tunda na uchachu vitadumu hadi ukakasi utakapopungua.

Swali hilo halijibiwi kwa kuonja mara moja. Sampuli ndogo huchotwa katika kila pipa au tangi kwa vipindi maalumu, na masharti ya kuonja hayabadilishwi. Joto la sampuli huwa lilelile, kwa kuwa ubaridi huzidisha ukakasi na kuficha harufu. Bilauri huwa za umbo moja. Kiwango cha kimataifa cha bilauri ya kuonjea, ISO 3591, kilitolewa mwaka 1977. Sampuli hutambulishwa kwa namba ili mwonjaji asiongozwe na anayoyajua kuhusu shamba au pipa. Mvinyo hutemwa, haumezwi, ili pombe isipunguze umakini.

Pua hutangulia ulimi. Harufu ya siki huashiria kwamba bakteria wamepata hewa na wanaigeuza pombe kuwa asidi ya siki. Pipa lisilojazwa hadi juu hukaribisha hali hiyo. Harufu ya yai viza huashiria haidrojeni salfaidi, ambayo ikigunduliwa mapema mara nyingi huondolewa kwa kuuhamishia mvinyo katika chombo kingine ili upate hewa kidogo. Hewa inayouokoa mvinyo wa pili ndiyo ingeuangamiza wa kwanza. Hatari huwa kubwa zaidi katika maeneo yenye joto, ambako zabibu hupoteza asidi haraka, na mvinyo wenye asidi ndogo huhitaji salfa dioksaidi nyingi zaidi ili upate ulinzi uleule.

Neno moja, tiba tatu

Émile Peynaud (1912–2004) wa Chuo Kikuu cha Bordeaux, Ufaransa, aliupa msamiati nafasi kubwa katika kitabu chake cha mwaka 1980, *Le Goût du vin*. Sababu yake ni ya kiutendaji: hisia hupita, na kinachobaki cha kulinganishwa mwezi ujao ni maneno.

Kiswahili kina hazina nzuri kwa kazi hii. Uchachu ni wa limau, uchungu ni wa mwarobaini, na ukakasi ni wa bibo au ndizi mbichi. Mwili wenyewe huthibitisha tofauti hizo: uchachu huleta mate, ukakasi huukausha mdomo. Tatizo hujitokeza mwonjaji anapoandika kwamba mvinyo ni “mkali”. Pombe ni kali, siki ni kali, na chai iliyokolea majani nayo huitwa kali. Msomaji wa daftari hilo hawezi kujua kama achanganye mvinyo wenye pombe kidogo, ashughulikie asidi, au asubiri tanini zilainike.

Utata huo humfikia mkulima pia. Anayeambiwa kwamba zabibu zake zilitoa mvinyo mbaya hajafundishwa lolote, na bei yake hushuka bila maelezo. Anayeambiwa kwamba mvinyo ulikuwa na ukakasi wa mbegu zisizokomaa anajua kwamba msimu ujao asiharakishe kuvuna.

Hitimisho

Mambo matatu yanafuata kutokana na maelezo haya. Kwanza, mafunzo ya utengenezaji wa mvinyo yahusishe uonjaji wa kumbukumbu, si maabara pekee. Pili, Baraza la Kiswahili la Taifa na watafiti wa zabibu wa Makutupora, Dodoma, washirikiane kuandaa orodha fupi ya istilahi, kila moja ikifungamanishwa na sampuli rahisi ya kulinganishia: maji ya limau kwa uchachu, chai ya rangi iliyokolea kwa ukakasi. Tatu, orodha hiyo ijaribiwe pia kwa mvinyo wa ndizi wa Uganda, Rwanda na Burundi, ambako ukakasi wa tunda lisiloiva ni suala lilelile. Gharama ya kazi hiyo ni ndogo ikilinganishwa na thamani ya tangi moja la mvinyo lililoharibika kwa sababu onyo liliandikwa bila kueleweka.