Daraja la Mungu

Mtu mmoja na mkewe waliondoka Lufingo asubuhi kwa gari, wapate kulitazama Daraja la Mungu lililo juu ya mto Kiwira, katika nchi ya Rungwe. Walipofika, mume akatafuta matofali na chokaa, asione. Ni jiwe tupu toka ng'ambo hata ng'ambo, na maji yapita chini yake kwa kishindo. Akauliza, "Nani alilijenga?" Mkewe akajibu, "Jina lake limekwisha kukuambia."

Kazi yenyewe ilifanyika hivi. Rungwe, wenye kimo cha mita 2,960 hivi, ni mlima wa moto. Hapo kale mawe yaliyoyeyuka yalitelemka bondeni kama uji, yakauziba mto. Yalipopoa yakawa mwamba mgumu. Lakini maji hayakubali kuzuiwa. Yakapenya chini, yakaula mwamba kidogo kidogo, hata tundu likawa lango, na sehemu ya juu ikabaki daraja.

Si mbali na hapo pana Kijungu. Mto hujitia katika shimo la jiwe mfano wa chungu, kisha hupita chini ya mwamba. Mashimo ya namna hii huchimbwa na maji yazungushayo mawe madogo, yakasaga kama jiwe la kusagia. Mume alitaka kusogea achungulie. Mkewe akamshika mkono, maana ukingo umelowa, na aangukaye humo huvutwa chini ya mwamba. Basi wakatazama kwa mbali maji yakishika njia ya Ziwa Nyasa.