Chakula na Dawa katika Tiba ya Uvimbe Sugu wa Utumbo

Uvimbe sugu wa utumbo ni jina la jumla la maradhi mawili yatokanayo na kinga ya mwili kuushambulia utando wa utumbo: kolaitisi ya vidonda, ambayo hukaa katika utumbo mpana, na ugonjwa wa Crohn, ulioelezwa na madaktari wa New York mwaka 1932, ambao unaweza kushika sehemu yoyote ya njia ya chakula. Mgonjwa huharisha kwa muda mrefu, mara nyingi pamoja na damu, huumwa tumbo na kukonda.

Huko Boga, katika mkoa wa Ituri mashariki mwa Kongo, na katika mkoa huo kwa jumla, dalili kama hizo huweza pia kuletwa na amiba au kifua kikuu cha tumbo, kwa hiyo maradhi hayo hayana budi kuchunguzwa kwanza. Prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi inayotuliza uvimbe kwa kupunguza nguvu za kinga, ikipewa mwenye amiba yaweza kusababisha utumbo kutoboka, na ikipewa mwenye kifua kikuu huupa ugonjwa nafasi ya kuenea.

Ugonjwa ukishathibitishwa, dawa ndizo zinazozima uvimbe, nacho chakula huziba mapengo yanayoachwa na ugonjwa na dawa zenyewe. Salfasalazini, inayozuia kolaitisi isirudi, hupunguza ufyonzaji wa foleti, vitamini ya kutengenezea damu, hivyo mgonjwa huongezewa vidonge vya asidi foliki. Prednisoloni hudhoofisha mifupa, na hapo maziwa ya wafugaji wa Boga, kwa asiyedhurika nayo, pamoja na dagaa wa Ziwa Albert wanaoliwa na mifupa yao, huwa na faida kubwa.

Kwa watoto wenye ugonjwa wa Crohn, chakula chenyewe huwa tiba: lishe kamili ya majimaji, iliyotengenezwa kwa vipimo maalumu na kutumiwa peke yake kwa wiki 6 hadi 8, huwatuliza wengi wao bila kudumaza ukuaji kama steroidi zifanyavyo, lakini uji wa nyumbani hauchukui nafasi yake.

Mwenye utumbo uliosinyaa kwa makovu huepuka nyuzi ngumu, kama za miwa, mahindi ya kuchoma na sombe (majani ya muhogo) isiyotwangwa vizuri, zisije zikaziba njia. Asiye na tatizo hilo asikatazwe vyakula ovyo, kwani utapiamlo utamzidia. Wala mgonjwa aliyepata nafuu asiache dawa ghafla kwa kutegemea chakula pekee: kila badiliko, la sahani au la kidonge, liamuliwe pamoja na daktari.