KAZI YA KUANDIKA NASABA: HAKI YA MJANE NA YATIMA IMO NDANI YAKE



Mfanyakazi anapofariki, ofisi huuliza maswali mawili. La kwanza: mshahara wake ulikuwa kiasi gani? La pili: watu wake ni nani? Jibu la swali la kwanza liko katika kitabu cha mwajiri. Jibu la swali la pili, kwa sisi watu wa Arua na Koboko, mara nyingi limo vichwani mwa wazee, na wazee wanakwisha mmoja mmoja.

Makala hii inahusu kazi ambayo vijana wetu wengi hawajaifikiria, yaani kazi ya kufuatilia na kuandika nasaba za watu kwa malipo. Si kazi ya kutafuta sifa za mababu. Ni kazi ya kuthibitisha kwamba huyu ni mtoto wa yule, na yule ni mke wa huyu, kwa namna ambayo karani wa Kampala asiyeijua lugha yetu ataweza kuisoma na kuikubali.

HAKI INASUBIRI USHAHIDI

Tuanze na sheria. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inasema kwamba mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazini na kuacha watu waliokuwa wakimtegemea kabisa, fidia yao ni mapato yake ya miezi 60. Hayo ni mapato ya miaka mitano. Akiba ya marehemu katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, nayo hulipwa kwa waliobaki. Sheria ya Urithi, ambayo ilirekebishwa mwaka 2022, inawapa watoto sehemu 75 katika kila 100 ya mali ya mtu aliyekufa bila wosia akaacha mke au mume, watoto na wategemezi wengine.

Haki hizo zote ni nzuri katika karatasi. Lakini anayezidai lazima aonyeshe uhusiano wake na marehemu. Anayetaka kusimamia mirathi lazima apite kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi wa Serikali kabla ya kwenda mahakamani, na huko ataulizwa orodha ya warithi. Mwenye orodha safi husikilizwa. Asiye nayo huambiwa aende nyumbani akarudi. Nauli ya kwenda na kurudi inamla mjane, na wakati huo huo anatokea mtu mwenye suti anayesema kwamba yeye ndiye ndugu wa marehemu. Sisi waandalizi tumeyaona hayo mara nyingi.

Kuna na jambo la uraia. Katiba ya mwaka 1995 inasema kwamba ni raia wa kuzaliwa mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mzazi wake mmoja, au babu au bibi yake mmoja, ni wa kabila lililokuwamo ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Makabila hayo yameorodheshwa, na humo wamo Walugbara, Wakakwa, Waalur, Wamadi na Wanubi. Kwa hiyo swali la babu si hadithi ya jioni tu. Ni swali la kitambulisho cha taifa, na bila kitambulisho leo ni shida kupata kazi ya mshahara, laini ya simu au akaunti ya benki.

KWA NINI KWETU NI VIGUMU ZAIDI

Mtu wa mbali atauliza: kwani majina hayatoshi? Hayatoshi. Kwetu mtoto hapewi jina la baba kama Wazungu wanavyofanya. Jina la Kilugbara hueleza hali ya nyumba siku ile mtoto alipozaliwa. Candia ni wa wakati wa taabu, Ayiko ni wa wakati wa furaha. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana hata herufi moja. Karani akiona majina hayo husema, hawa si ndugu.

Tena tumekuwa watu wa kusafiri kutafuta kazi. Tangu wakati wa Mwingereza, vijana wa West Nile walichukuliwa kwenda kukata miwa Kakira na Lugazi. Wengine waliandikishwa jeshini, katika King's African Rifles. Huko wengi walibadilisha majina. Aliyeondoka Koboko na jina la Kikakwa aliandikwa Juma au Ramadhani, na kabila lake likaandikwa Mnubi. Wengine walioa huko huko na hawakurudi. Watoto wao leo wanakuja Arua na picha moja na jina la kilima, wanauliza: nyumbani kwetu ni wapi?

Halafu ilikuja vita. Serikali ya Idi Amin ilipoangushwa mwaka 1979, na hasa baada ya mapigano ya Oktoba 1980, watu wetu kwa maelfu walikimbilia Sudan na Zaire. Vibanda viliungua, na masanduku ya bati yenye karatasi yaliungua pamoja navyo. Watoto walizaliwa kambini na ukimbizini. Wazee walifia huko na makaburi yao yako huko. Wengi walirudi katikati na mwishoni mwa miaka ya 1980, lakini karatasi hazikurudi.

Mwisho kuna mipaka. Sehemu hii ilikuwa Lado chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ikapelekwa Sudan mwaka 1910, ikaletwa Uganda mwaka 1914. Mkakwa mmoja anaweza kuwa na kaka Yei, shangazi upande wa Kongo, na yeye mwenyewe akawa dereva Koboko. Ukoo ni mmoja, serikali ni tatu.

KAZI HII SI NGENI DUNIANI

Msifikiri kwamba kulipwa kwa ajili ya nasaba ni jambo la ajabu. Kwa majirani zetu wa Rwanda, zamani za ufalme, walikuwako watu walioitwa abacurabwenge. Kazi yao ilikuwa kukariri nasaba ya wafalme pamoja na mama zao bila kukosea. Afrika Magharibi wako wakariri wa koo wanaotunzwa na jamaa kubwa. Huko London chama cha watu wa nasaba kiliundwa mwaka 1911, na Marekani kuna bodi inayowapa vyeti watu wa kazi hii tangu mwaka 1964.

Kwetu hakukuwa na mfalme wa kulipa. Nasaba ilikuwa mali ya wazee wa ukoo, nao waliisema kwenye mazishi, kwenye mahari na kwenye kesi ya ardhi. Walugbara huhesabu asili yao kwa mashujaa wawili, Jaki na Dribidu. Jaki huhusishwa na mlima Liru ulioko Koboko, na Dribidu na mlima Wati ulioko Terego. Hiyo ni heshima yetu. Lakini ofisi ya mirathi haimwulizi mtu habari za Jaki. Inauliza baba, mama, mke, mtoto na ndugu. Mwandishi wa nasaba anayetaka kuwasaidia wafanyakazi aanzie hapo, kwa walio hai na waliokufa juzi, ndipo apande juu.

JINSI YA KUANZA

Kijana asiache jembe wala kazi yake kwa ajili ya jambo hili. Hakuna mwajiri anayetangaza nafasi. Aanze kidogo kidogo, hivi:

Kwanza, aandike nasaba yake mwenyewe, upande wa baba na upande wa mama, mpaka babu wa babu. Akishindwa na yake, ya watu wengine asiiguse.

Pili, awe na daftari gumu, si makaratasi. Kila neno analoambiwa aandike nani alisema, siku gani, mahali gani, na msemaji ana uhusiano gani na anayetajwa. Mzee aliyeona kwa macho ni shahidi. Mzee aliyesikia kwa mwingine ni shahidi wa namna nyingine. Wasichanganywe.

Tatu, atafute karatasi kabla ya kutafuta maneno. Risiti za kodi ya kichwa, ambayo ilisimamishwa mwaka 2005, bado ziko kwenye masanduku ya wazee. Ziko kadi za ubatizo, na vitabu vya ubatizo na ndoa katika misheni kama Ediofe kwa Wakatoliki, na Mvara ambako Africa Inland Mission ilifika mwaka 1918. Ziko hati za ndoa za Waislamu, kadi za wakimbizi, barua za kuachishwa jeshini, kadi za chama na hati za mshahara. Karatasi za serikali ya zamani zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, iliyokuwa Entebbe na sasa iko Wandegeya, Kampala.

Nne, ajue kupima miaka. Mama mzee hatakwambia alizaliwa mwaka gani, lakini atakwambia kama alikuwa amekwisha kuolewa wakati wa uhuru wa 1962, au kama alikuwa na mtoto mgongoni siku ya kukimbia 1980. Mwandishi atengeneze orodha ya matukio ya sehemu yake na kuitumia kila mara.

Tano, asikilize pande zote. Watu wa baba wakisema mahari ililipwa, aende kwa wajomba aulize ng'ombe wangapi walifika. Siku hizi watu hukimbilia kipimo cha vinasaba. Kipimo kinaweza kueleza damu, lakini hakielezi mahari, wala hakielezi nani alimlea mtoto na ukoo gani ulimpokea.

Sita, kazi ikimalizika asome maandishi mbele ya wahusika wote, wazee watie sahihi au dole gumba, na mwenyekiti wa LC1 ashuhudie. Nakala moja ibaki kwa familia.

Saba, kazi ikianza kuleta fedha, aandikishe jina la biashara katika ofisi ya usajili ya URSB, na aisome Sheria ya Kulinda Taarifa za Watu ya mwaka 2019. Siri za nyumba ya mtu si maneno ya kilabu. Lazima mwenyewe akubali kabla hazijaandikwa.

MALIPO YAWE YA SIKU, YASIWE YA USHINDI

Hapa ndipo penye hatari, na hapa chama kina neno la kusema.

Mwandishi wa nasaba alipwe kwa siku alizofanya kazi na kwa nauli, na bei ipatanwe kabla ya safari. Asikubali kamwe kulipwa fungu la urithi. Anayengoja fungu anataka mmoja ashinde, na anayetaka mmoja ashinde ataona babu mahali ambapo hakuna babu. Kama akigundua kwamba aliyemwajiri si mrithi, aseme hivyo, na alipwe siku zake vile vile.

Mfano upo. Mmarekani Alex Haley alichapisha kitabu chake Roots mwaka 1976. Alieleza kwamba mzee mmoja wa Juffure, katika nchi ya Gambia, alimkariria habari za babu yake aliyeuzwa utumwani. Watafiti waliokuja baadaye walitia shaka ushahidi ule, kwa sababu wenyeji walikwisha kujua mgeni wao anatafuta nini. Basi mwandishi asimwambie mzee jibu analolitaka. Aulize, kisha anyamaze.

Hata kwetu nasaba haikusimama mahali pamoja. John Middleton, mtaalamu aliyekuja kukaa na Walugbara tangu mwaka 1949, aliandika kwamba ukoo unapogawanyika, hesabu ya mababu hubadilika ili ifanane na hali mpya. Si kwamba wazee ni waongo. Nasaba yao ilikuwa ni njia ya kukaa pamoja. Lakini likiandikwa, neno huwa gumu kama jiwe. Andiko moja linaweza kumrudisha yatima nyumbani. Andiko lingine linaweza kumwambia jirani wa miaka 60, wewe ni mtu wa kuja, toka katika shamba hili. Siku hizi ambapo ardhi ya Arua inapanda bei kila mwaka, watakuwapo watakaotafuta andiko la namna hii ya pili, nao watakuwa na fedha. Mwandishi akiliuza mara moja, hakuna mzee atakayemfungulia mlango tena, na hapo kazi yake imekufa.

WAJIBU WETU

Wanachama wasingoje mwandishi wa nasaba. Kila mwanachama leo hii achukue ukurasa mmoja aandike jina lake na majina yake yote mengine, jina la baba na la mama, kijiji na ukoo, mke au wake, na watoto wote pamoja na walio nje ya ndoa na walio ng'ambo ya mpaka. Atie sahihi mbele ya mashahidi wawili. Nakala moja iwekwe nyumbani, nyingine ikae katika faili la tawi.

Matawi nayo yatafute kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri na mdomo wa kufunga, binti au mvulana, yamnunulie daftari na kumlipa nauli ya kwenda kwa wazee. Binti asidharauliwe kwa kazi hii, kwa maana mama zetu ndio wanaokumbuka nani alizaliwa na nani, na mbele ya binti watasema wasiyoyasema mbele ya wanaume.

Mfanyakazi hakati miwa wala haendeshi lori kwa ajili ya tumbo lake peke yake. Jasho lake lina wenyewe. Tuandike majina yao wakati yeye bado yuko hai na anaweza kuyataja kwa kinywa chake.

Umoja ni nguvu.