Je, Wajua? Mzee wa Steringi

Sogea hapa kwenye benchi, gari la kupanda Masama halijajaa. Ukitoka kuangalia muvi za mashujaa wanaopaa, kila mtu anakusimulia steringi alivyoruka na alivyopiga. Leo tumwache yeye, tumwangalie mzee wake.

Je, wajua kwamba bibi anayemlea Spider-Man karibu ni rika moja na uhuru wetu? Bi May na mumewe Ben, kaka wa marehemu baba yake Peter Parker (ndiye Spider-Man mwenyewe), walitokea naye kitabuni Agosti 1962. Miezi minane tu kabla ya hapo, Luteni Alexander Nyirenda alikuwa juu kabisa ya mlima huu huu unaouona, Kilimanjaro, anasimika bendera ya Tanganyika!

Shika na hii: bibi huyo anarudi ujanani. Filamu ya 2002 ilipotoka, Rosemary Harris aliyeigiza May alikuwa na miaka 74. Mwaka 2012 akaja Sally Field, miaka 65. Mwaka 2016 akaingia Marisa Tomei, miaka 51. Ndani ya miaka 14, May kapunguza miaka 23! Kwa mwendo huo, siku moja Peter ndiye atakayemlea yeye.

Sally Field ana kioja chake kingine. Mwaka 1988 Tom Hanks alicheza filamu ya kumpenda. Mwaka 1994, katika Forrest Gump, akawa mwanawe wa kumzaa. Na hao wawili hawapishani hata miaka 10!

Ule usemi wa Mzee Ben, kwamba uwezo mkubwa huja na wajibu mkubwa, unaujua, sivyo? Basi katika hadithi ya kwanza ya 1962 Ben hakuusema. Uliandikwa na msimulizi pembeni ya picha ya mwisho, Ben akiwa ameshauawa.

Twende kwa Batman. Mzee Alfred, mtumishi aliyemlea tangu utotoni, aliigizwa na Michael Gough katika filamu nne, kuanzia 1989 hadi 1997. Kwa muda huo Batman walipita watatu: Keaton, Kilmer, Clooney. Mabosi wanabadilika, mzee yupo tu na sinia lake.

Alfred aliyemfuata kwenye sinema, Michael Caine, alianza kazi hiyo 2005 akiwa na miaka 72. Jirani zetu Wakenya walikuwa wameshamwona zamani: filamu yake na Sidney Poitier, The Wilby Conspiracy, iliyotoka 1975, ilipigwa kwao.

Sasa kaa vizuri, tunaingia Wakanda, nchi ya shujaa T'Challa katika filamu ya Black Panther ya 2018. Yule kuhani Zuri, anayemnywesha T'Challa dawa ya nguvu, ni Forest Whitaker. Je, wajua alishajifunza Kiswahili? Alikihitaji ili amwigize Idi Amin. Ndiyo, Nduli mwenyewe! Filamu ilipigwa Uganda, na mwaka 2007 akabeba Oscar.

Baba yake T'Challa ni John Kani wa Afrika Kusini. Anapoonyeshwa akiwa kijana, anayemwigiza ni mwanawe wa kumzaa, Atandwa. Hawakuhangaika kutafuta sura inayofanana! Mwaka uliofuata, 2019, Kani akageuka nyani: ndiye sauti ya Rafiki, mzee wa Simba katika The Lion King.

Lakini ninayempenda kuliko wote ni Dorothy Steel. Unamkumbuka yule bibi wa baraza la wazee wa Wakanda? Alianza kuigiza akiwa na miaka 88, umri ambao hapa kwetu ungeambiwa ukae kivulini mwa migomba, uletewe mtori. Black Panther aliipiga akiwa ameshavuka 90, na mjukuu wake ndiye aliyemsukuma akajaribu. Lafudhi je? Aliipata kwa kumsikiliza Nelson Mandela kwenye video. Oktoba 2021 alifariki na miaka yake 95, wakati filamu ya pili bado inapigwa. Katika uigizaji hakuwahi kustaafu!

Na Malkia Ramonda, mama wa shujaa? Angela Bassett alikuwa mwigizaji wa kwanza kabisa kupendekezwa kwa Oscar ya uigizaji kwa kazi yake ndani ya filamu ya Marvel, mwaka 2023. Kati ya wale wote wanaopigana na kupaa, aliyetangulia ni mama mtu.

Hujachoka? Hii ya mwisho ni ya hapa hapa Afrika Mashariki. Februari 2018, mwezi ule ule Black Panther ilipoingia kumbini, filamu ya Kenya ilionyeshwa Berlin: Supa Modo, ya Likarion Wainaina. Mtoto Jo ni mgonjwa, siku zake zinahesabika, naye anataka kuwa shujaa. Walezi wake ni kijiji kizima: wanadanganya kwa makusudi kwamba ana nguvu, wanaigiza, kisha wanampigia filamu yake mwenyewe. Dakika 74 tu. Itafute, na uende na leso!