Gari linachemsha, au mshale unadanganya?



Mwezi wa saba tulipanda gari la mizigo kutoka Njombe kwenda Makambako. Ni safari ya kama kilometa 60 tu. Gari lilijaa magunia ya viazi. Tulipokuwa tunapanda mlima, mshale wa joto ulifika kwenye H. Baadaye kidogo ukashuka wenyewe mpaka kwenye C.

Mzee mmoja akasema, "Mwanangu, nasikia joto miguuni. Hebu simama tuangalie."

Dereva akajibu, "Usiwe na wasiwasi, baba. Limeshapoa."

Kumbe maji yalikuwa yamekwisha! Hatukwenda mbali, injini ikafa. Viazi vililala njiani siku mbili. Mwenye gari alitengeneza injini kwa fedha za mavuno yake.

Kwa nini mshale ulishuka? Ndani ya injini kuna kifaa kidogo kinachokaa kwenye maji. Mafundi hukiita sensa. Hupima joto la maji na kulipeleka kwa mshale kwa njia ya waya. C ni baridi, H ni moto. Maji yakiisha, sensa hubaki hewani. Basi mshale unaweza kushuka huku injini inaungua.

Tutajuaje ukweli? Tuangalie mambo matatu.

Kwanza, injini ikiwa baridi, fungua swichi. Mshale ukiruka hadi H mara moja, gari halichemshi. Waya au sensa ni mbovu.

Pili, mshale ukipanda polepole, uamini. Simama, zima injini. Tazama kama maji yanavuja, au mkanda wa feni umelegea au umekatika.

Tatu, mshale ukitoka H na kushuka ghafla, usifurahi. Simama upesi. Huenda maji yamekwisha.

Lakini usifungue mfuniko wa rejeta wakati wa moto! Mji wa Njombe uko juu, kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Maji ya sufuria huko huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, siyo 100 kama kule pwani. Mfuniko mzima huyabana maji ya rejeta yasichemke mapema. Ukiufungua, yatachemka papo hapo na kukurukia usoni. Ngoja mpaka rejeta ipoe kabisa. Kisha tumia kitambaa kinene, fungua polepole. Wala usimwage maji baridi kwenye injini yenye moto. Chuma kinaweza kupasuka.

Na mfuniko ukilegea, gari litachemsha upesi zaidi huku kwetu milimani. Badilisha mfuniko mbovu. Bei yake ni ndogo kuliko ya injini.

Basi ndugu zetu, tuangalie mshale, lakini tutumie pia macho, pua na masikio. Hata abiria anaweza kusema, "Dereva, simama tuangalie." Kuuliza si kumdharau dereva. Ni kuokoa mali na maisha yetu sote.